Unga wa Njano Puani mwa Pamba

"Nyumbani una maua gani?" daktari wa mifugo aliuliza, akimfungua paka mdomo kwa kidole gumba.

"Sina hata moja."

"Hata ya kukatwa? Ya kwenye chombo cha maji?"

"Hata ya plastiki, daktari."

Fundi cherehani alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayeijua nyumba yake. Miaka miwili nyuma, alipomleta Pamba akiwa kipaka cha kujaa kiganjani, daktari huyuhuyu alimwonya kuhusu mimea inayoua paka. Alirudi akatoa vyungu vyote nyumbani, hata mshubiri aliopewa na mama yake. Mumewe, mwalimu wa udereva, ndiye aliyevibeba hadi kwa jirani, akitania kwamba siku hizi yeye ni mpangaji, mwenye nyumba ni paka.

Daktari alipitisha kitambaa cheupe puani mwa Pamba. Kilirudi na unga wa njano iliyokolea.

"Huu ni unga wa yungiyungi. Paka akiulamba tu kwenye manyoya yake, figo zinaanza kufa. Ulimwona akila?"

"Nilikuwa kwa mama siku mbili. Nimerudi leo asubuhi nikamkuta anatapika, amejificha nyuma ya cherehani."

"Basi nitafutie saa. Kama ni jana, naweka dripu sasa hivi na tuna matumaini. Kama ni juzi, nitakuwa namtesa bure, na sitaki kukudanganya."

Fundi alitoka hadi koridoni akampigia mumewe.

"Kuna mtu aliingiza maua ndani nilipokuwa sipo?"

"Maua? Maua ya nini?"

"Mayungiyungi. Pamba anakufa."

Upande wa pili alisikia gia ikiingizwa kwa kukwaruza.

"Hakuna ua lililoingia. Atakuwa alitoka nje."

"Pamba hatoki. Unajua hatoki."

"Basi sijui. Niko barabarani na mwanafunzi."

Simu ikakatwa. Akamwandikia: "Sikugombezi. Kama kuna ua liliingia, niambie saa tu. Daktari anataka saa."

Jibu likaja upesi: "Nimeshasema hakuna. Usinifanye mwongo kwa ajili ya paka."

Akabaki na mtu mmoja wa kumuuliza: msusi, rafiki yake tangu walipokuwa wakikaa dawati moja shuleni. Ndiye aliyeachiwa ufunguo ili amlishe Pamba, maana mwalimu wa udereva hushinda kazini.

"Umefika salama?" msusi aliuliza. Nyuma yake kikaushio cha nywele kilikuwa kikivuma.

"Niko kwa daktari. Pamba amekula yungiyungi, na sijui limetoka wapi. Ulipokwenda kumlisha, uliona ua lolote?"

Kikaushio kilizimwa.

"Mwenzangu, mpe daktari simu."

"Niambie mimi."

"Mpe daktari kwanza. Nakuomba."

Alimpa. Daktari alisikiliza, akaandika kwenye kadi, akauliza, "Una hakika ni saa kumi?" Kisha akarudisha simu na kumgeukia msaidizi wake. "Jana saa kumi jioni. Ni masaa kumi na saba. Lete dripu."

Fundi aliiweka simu sikioni.

"Saa umeijuaje?"

"Nilimwona akitafuna jani. Nikamfukuza. Sikujua ni sumu."

"Unamlisha mchana. Saa kumi ulikuwa unafanya nini kwangu?"

Msusi alipumua kwa nguvu.

"Maua yalikuwa yangu. Shemeji aliniletea. Paka alipoyagusa, mumeo alishtuka, akayatupa jalalani na kufuta meza. Nikadhani anaficha mambo yetu tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Najua sina uso wa kukuomba msamaha."

"Huna," fundi alisema, akakata.

Aliketi kwenye benchi, karibu na mzee aliyempakata sungura. Alijikuta akihesabu: mwezi wa tatu alimshonea msusi gauni la kijani, akakataa malipo.

Mchana mumewe alifika, funguo za gari la mafunzo zikimning'inia kidoleni. Alikuwa ameshapigiwa na msusi.

"Mke wangu, tuzungumze nyumbani. Shetani alinipitia."

"Ulijua yale ni maua gani."

"Nilikosea. Mwanamume ni kiumbe dhaifu."

"Sijakuuliza habari za mwanamke. Uliyatupa kwa sababu ulijua yanaua. Leo nimekupigia, nikakuandikia, nikakuomba saa tu. Ungeweza hata kudanganya, useme uliniletea mimi. Ukamwacha afe ili usijulikane."

"Yaani ndoa ya miaka sita inavunjika kwa paka?"

"Siku nikilala mimi kitandani, daktari akikuuliza nimekula nini, utamwambia?"

Mumewe alizungusha funguo kidoleni. Mzee mwenye sungura aliinamisha kichwa, akijifanya hasikii.

"Nenda," fundi alisema. "Ufunguo wa nyumba acha hapo kwenye benchi. Wa mwenzako nitaufuata mwenyewe."

Aliuacha.

Siku mbili Pamba alilala na dripu mguuni, hali wala hanywi. Fundi alikwenda kila asubuhi kabla ya kufungua duka, akimkuna nyuma ya sikio. Ujumbe wa mumewe ulilundikana, wa msusi ulikuwa mmoja tu: "Anaendeleaje?" Hakumjibu yeyote.

Siku ya tatu alikuwa akimpima mteja kiuno simu ilipoita.

"Amekojoa," daktari alisema. "Mkojo mwingi, safi. Figo zinafanya kazi."

"Amekojoa," fundi alirudia.

Mteja, mikono bado ameiinua, alimwona fundi akikaa chini sakafuni palepale, utepe shingoni, akilia kwa mara ya kwanza tangu siku ile kwa daktari. Alilia kwa sauti, na kwa muda mrefu. Mteja alishusha mikono taratibu, akaenda kugeuza kibao cha mlangoni kiseme pamefungwa, akaketi kando yake.