Mkono wa Chini ya Meza

Mnisamehe, jamani, hadithi hii nitaiharibu. Nimezoea kusimulia nikiruka huku na huku jukwaani, na leo nimekaa, sababu ni mgongo. Mcheshi aliyeketi ni jogoo aliyekwisha kuchemshwa: sura ipo, sauti hakuna.

Basi. Ferdinand alikuwa mnyoosha migongo kule Keshero, mjini Goma, na wateja wake wengi walikuwa wajawazito. Fundi alimtengenezea meza ya mbao na godoro, katikati tundu pana, ili mama mwenye mimba alale kifudifudi, tumbo lining'inie humo bila kubanwa. Watu walimcheka: "Papa, hii ni meza ama choo?" Lakini akina mama walishuka hapo wakitembea kama wasichana.

Siku hiyo alilala Jolie wa Murara, mimba ya kwanza, kiuno kinamuuma hata akipumua. Ferdinand akawa anamkanda taratibu.

"Papa Ferdinand," Jolie akasema kwa sauti ndogo, "mikono yako yote iko kwa mugongo?"

"Yote, mama."

"Sasa nani anashika tumbo yangu kule chini?"

Ferdinand akacheka. Kisha akaacha kucheka, akainama. Chini ya meza hapakuwa na mtu. Palikuwa na beseni, na ndani yake lile jiwe la volkano alilozoea kulipasha kwenye mbabula ya makaa, kulifunga kitenge na kuliweka kiunoni mwa wagonjwa. Mbabula hakuwa ameiwasha. Jiwe lilikuwa la moto.

"Hii jiwe uliitoa wapi?" akauliza Mama Nyiransengimana, mama mkwe wa Jolie, mtu wa maombi, aliyekuwa akingoja mlangoni.

"Munigi, mama. Kwa nyumba moja yenye volkano ilifunika. Goma yote tunajenga na hayo mawe, nani anauliza jiwe iko ya nani?"

"Na mule nyumba mulibakia mutu?"

Ferdinand akalisukuma beseni kwa mguu mpaka uani.

Toka hapo mtoto akaacha kucheza tumboni. Jolie akarudishwa Murara, akalala ubavu, na vidole vile akavisikia tena, sasa kwa ndani, vikipapasa polepole kama mtu anayetafuta kitu chake gizani, na harufu ya kiberiti na nywele zilizoungua ikajaa chumba kizima, na kila alipofungua mdomo kuita, pumzi yake ilitoka pamoja na pumzi nyingine, nzito, ya kukatikakatika, pumzi ya mwanamke anayesukuma, hata hakujua tena ipi ni yake.

Mama Nyiransengimana akaagiza jiwe liletwe, akaliombea mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe jibu likatoka, kwa kinywa cha Jolie.

"Nilikuwa nazaa. Moto ikakuja mbele ya mutoto."

"Unataka nini, mama?" akanong'ona mama mkwe.

"Munirudishe kwetu. Kama hapana, nitamaliza kuzaa na huyu."

Jiwe likafungwa kitenge, likakabidhiwa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, alirudishe Munigi siku ileile. Lilipovuka lango tu, mtoto akapiga teke. Nyumba nzima ikaimba.

Jolie akazaa mvulana, mzima. Ila akimbeba mgongoni, kisha akafungua kitenge ili amshushe, mtoto haanguki. Anabaki palepale, amelala, ameshikwa. Jolie anasimama katikati ya nyumba, kitenge mkononi, anaogopa kugeuka.

"Mama," ananong'ona, "mumuvute."

Mama mkwe anavuta. Mtoto anakuja polepole, kama anayemshika amependa mwenyewe kumwachia. Kila mara anakawia zaidi.

Mtaa mzima unatafuta wa kulaumiwa. Ferdinand amechoma meza yake. Mama Nyiransengimana anafunga chakula, anadhani imani yake ni fupi, amekonda kama muwa uliotafunwa.

Mimi wa kulaumiwa namjua. Chukudu ilikuwa yangu, njia ya Munigi inapanda, na kiuno kilikuwa kinaniuma. Jiwe sikulifikisha; liko hapa nyuma yangu, nimeliegemea tangu nianze kusema; lina joto tamu. Maumivu yameisha kabisa, jamani. Ila kila nikitaka kuinuka, ananikamata.