Ndege ya Bibi Kutoka Ternate

Kila asubuhi Wirda alimenya ndizi, na baba yake, Rusdi, akazikaanga na kuziuza kwa pilipili kando ya barabara mjini Manado. Jumamosi hiyo walikuwa na haraka. Bibi alikuwa anakuja peke yake kwa ndege kutoka kisiwa cha Ternate. Macho yake yalijaa ukungu, na daktari wa kumpima angeondoka hospitalini saa sita. Wakimkosa, ni kungoja mwezi ujao.

"Shangazi ametuma picha ya tiketi," baba alisema. "Hebu angalia, Bibi anatua saa ngapi?"

Wirda alikuwa anacheza mchezo kwenye simu ya baba, hiyo hiyo yenye picha. Alikwisha kumsikia shangazi akisema ndege inaruka saa nne. Darasani walifundishwa kwamba Ternate ni kilomita mia tatu hivi, dakika hamsini angani.

"Saa tano kasoro dakika kumi," akajibu bila kuinua macho.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia, Baba."

Walifika uwanjani mapema kidogo. Wakangoja. Saa tano ikagonga, na mlango wa abiria haukumtoa mtu. Baba akamwendea mhudumu.

"Ndege ya Ternate mbona haitui?"

"Ilitua kitambo, kaka. Hata kabla ya saa nne."

"Usinichezee! Binti yangu ameiona tiketi. Mama yangu haoni vizuri, mmempeleka wapi?"

"Kaka, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Niitie mkubwa wako!"

Watu wakageuka. Wirda akaifungua ile picha. Kutua: saa nne kasoro dakika kumi. Saa za Ternate ziko mbele ya Manado kwa saa moja! Saa nne ya kule ni saa tatu ya hapa. Angeweza kunyamaza, baba aendelee kumfokea mtu asiye na kosa.

"Baba, mwache. Sikuiangalia tiketi. Nilipiga hesabu kichwani, nikakudanganya."

Baba akamgeukia. Ndipo mhudumu akapata nafasi: "Bibi mwenye kikapu cha samaki wakavu? Alijigonga kwenye mlango wa kioo, tukamkalisha ofisini. Anatugombeza tangu afike."

"Mmekuja?" Bibi akauliza walipoingia ofisini, uvimbe ukimng'aa kwenye paji la uso. "Nilidhani mmehamia Java!" Lakini alikuwa amekikumbatia kikapu kwa nguvu, kama mtu aliyeogopa.

Hospitalini walimkuta daktari anavua koti. Alipoliona paji la Bibi, akavaa koti tena.

Walipotoka na dawa, Wirda alishindwa kuinua uso. "Nisamehe, Bibi. Nilisahau tofauti ya saa."

"Kusahau hata mimi nasahau," Bibi akasema. "Lakini uliposema umeangalia, baba yako hakuangalia tena. Mimi sioni, mjukuu wangu. Natembea kwa maneno yenu."

Akampa kichupa cha dawa. "Haya, nisomee maelezo. Yote."

Wirda akasoma mpaka neno la mwisho, kisha akaanza upya.