Lundo Jeusi la Shangazi Balbina

Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, Melania Chicaiza aliwakatia majani simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa mfano wa panya wasio na mkia, waliolala jikoni karibu na moto, akanywa uji wa shayiri, kisha akateremka njia ya shule akiwa na uchafu mweusi kwenye kucha. Hakuuosha. Alitaka uonekane.

Kijijini kwetu mtu hujulikana kwa udongo wa kwao. Juu kuna ule mweusi, mtoto wa majivu ya mlima, mwepesi hivi kwamba kuku akipekua kwa kina Melania, mbwa wa bonde la pili hupiga chafya. Katikati kuna wa kokoto nyepesi zinazoelea, usioshika maji hata ukiupigia magoti. Chini kabisa kuna kangawa. Nayo ni majivu ya mlima uleule, ila yameshikana yakawa gamba. Babu yangu aliivunjia sululu saba na ndoa moja.

Hortensia, binamu yake Melania, alizaliwa juu ya kangawa, na shuleni hawakumwita jina jingine. Walimwita Kangawa alipokosa hesabu, wakamwita Kangawa alipoipata.

Mwaka ule baraza la kijiji lilimpa mama yake Hortensia, Shangazi Balbina, kipande cha kangawa. Alikuwa mjane na hakuwa na ardhi yoyote. Sharti lilikuwa moja: kiwe kimepandwa viazi kabla ya Sikukuu ya Marehemu, la sivyo apewe mwingine. Basi kijiji kikatoka kwa minga, ile kazi ya pamoja ambayo mshahara wake ni chakula na kusemwa. Wanaume wakalivunja gamba. Wanawake wakashusha mgongoni udongo mweusi kutoka shamba la Bibi Dolorinda, mama yake Balbina, wakaulundika pale kungojea mbegu.

Bibi aliwaita wajukuu zake wote wawili mbele ya lundo. Akachukua kipande kibichi akakifikicha kati ya vidole. Kwanza kilikaa kigumu kama jibini, mara kikateleza na kutoa maji. Akawaambia udongo huu ni mnywaji, lakini una kiburi. Ukiuacha jua likaukaushe mpaka uwe unga, umekufa, na hata uumwagie mto mzima hautakunywa tena kama zamani. Kwa hiyo ufunikwe nyasi na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Hortensia angeuangalia wiki ya kwanza. Wiki ya pili angekwenda na mama yake mabondeni kuvuna mahindi ya watu, wapate mbegu za viazi, na zamu ingekuwa ya Melania.

Hortensia alifanya alivyoambiwa. Melania alifanya siku moja. Siku ya pili kulikuwa na mpira wa wavu, na ya tatu kulikuwa na uvivu. Upepo ukazipeperusha nyasi, jua likafanya kazi yake. Alipokumbuka, lundo lilikuwa kijivu na jepesi kama unga wa kahawa. Akamwaga ndoo, maji yakasimama juu yake kwa matone kama jasho kwenye uso wenye mafuta. Akamwaga nyingine, unga ukaelea. Akatafuta nyasi, akafunika.

Balbina aliporudi na mbegu mgongoni, akafunua, akatia mkono, akauchomoa mkavu. Alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Bibi akaitwa, akafikicha. Palikuwa na vumbi tu.

Melania akasema, "Bibi, mimi niliupokea hivyohivyo. Nilidhani ndivyo ulivyo."

Hortensia alikana. Bibi akamuuliza tena, akakana tena. Siku zile huko kwetu mwongo alitibiwa kwa maji ya mfereji yanayotoka kwenye barafu, na kwa majani yanayowasha kuliko upupu. Bibi alimwosha na kumchapa palepale, na aliyeishika ndoo alikuwa Melania. Hortensia alimwangalia yeye tu, mpaka mwisho.

Kisha ikaamriwa aliyeharibu atengeneze. Hortensia akaacha shule, akawa anapanda juu na gunia na kushuka nalo limejaa udongo mpya. Watoto wakitoka darasani walimkuta njiani, amevimba mikono, wakamwambia kangawa haijui kunywa wala kusema kweli. Melania alicheka nao. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, maana aliyenyamaza angetazamwa.

Siku moja mvua ndogo ilinyesha na njia ikawa sabuni. Hortensia alianguka na gunia lake, mfupa wa bega ukavunjika. Shamba lilikuwa halijafika hata nusu, na sikukuu ilikuwa imebakiza wiki mbili tu. Baraza likakutana, na jina la familia nyingine likaanza kutajwa. Balbina alikuwa amekaa nyuma na binti yake, akifungua na kufunga fundo la shuka lake.

Hapo ndipo Melania aliposimama. Alisema wazi kuwa yeye ndiye aliyeuua udongo, na kwamba alidanganya. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilifika.

Bibi Dolorinda hakumpiga. Alikwenda uani, akarudi na majani yanayowasha, akamkabidhi Hortensia kwenye mkono mzima.

"Nilikuchapa bure, mjukuu wangu. Deni langu nitalibeba. Huyu ni wako."

Hortensia aliyashika mpaka yakamwasha mwenyewe. Halafu akayaangusha.

"Nikimpiga ataona yamekwisha," alisema. "Abebe udongo."

Melania akabeba. Baraza lilikataza mtu yeyote kumsaidia, hata baba yake. Gunia lilimchubua mabega mpaka nguo ikagandia damu. Wale waliocheka naye sasa walimwita Unga. Kila gunia alilolitua Hortensia alilikagua kwa vidole, na lililokuwa na vumbi aliamuru lirudishwe juu. Bibi naye alipanda na gunia lake, kizee yule. Viazi viliingia ardhini siku ya mwisho, jua likiwa bado halijazama, na Balbina akabaki na shamba lake.

Melania akamfuata Bibi, akamuuliza kama sasa Hortensia angemsamehe.

Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, msamaha hauvunwi msimu uleule. Umesema kweli, ni vizuri, ila uliisema bega la mwenzio limekwisha kuvunjika. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, atakayelipa kwanza ni asiye na kosa. Sasa kamchotee Hortensia maji. Mkono mmoja hauinui ndoo."

Melania akachukua ndoo akaenda. Hortensia aliyapokea maji. Hakusema asante.