Bango Lisilo na Maneno

Kila alipotoka shuleni, Rangi alipitia karakana ya baba yake, mchora mabango, akaosha brashi na kuchanganya rangi. Jina hilo alipewa na wenzake, maana vidole vyake havikutakata hata siku moja. Leo vya kijani, kesho vyekundu, na daftari lake la sayansi lilijaa alama za gumba. Kuchora alijua, tena alijua kwamba anajua.

Basi mwalimu mkuu alipotaka bango la kukomesha uchelewaji, hakuhitaji kupiga ramli kumpata mchoraji.

"Nichoree mtoto amelala fofofo, jua limemfikia puani," alimwambia Rangi. "Chini yake uandike: UVIVU HUCHELEWESHA. Ijumaa tutalifunua mbele ya shule nzima. Na kuanzia Jumatatu, atakayechelewa atarudi nyumbani hadi muhula uishe."

Rangi alitoka ofisini kifua mbele. Wakati wa mapumziko akamwonyesha rafiki yake mchoro wa penseli. Rafiki huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa kuchelewa, hata darasa zima likambatiza Bi Dakika. Waliochelewa walifagia uwanja mpaka kipindi cha kwanza kiishe, nacho kilikuwa cha hesabu. Bi Dakika alikuwa amefagia sana, na hesabu zilikwisha kumpiga chenga.

Aliutazama mchoro wala hakucheka. "Huyu nani?"

"Mchelewaji yeyote tu!"

"Kitanda hiki mimi sikijui," Bi Dakika alisema. "Kesho asubuhi nipitie nyumbani, uone."

Kesho yake Rangi alimkuta rafiki yake ameshavaa sare, amemfunga mdogo wake mgongoni, anapasha maziwa huku akichungulia dirishani. Jua lilipanda. Walingoja. Hatimaye mama yao akaingia, miguu imemvimba, mikono yake inanukia sabuni. Usiku kucha alikuwa akifua mashuka ya hospitali.

"Shikamoo, mama," Rangi alisema.

"Marahaba, mwanangu." Akampokea mtoto. "Kimbieni, jamani! Nimewachelewesha tena."

Siku hiyo uwanja ulifagiliwa na watu wawili. Vumbi lilimwingia Rangi puani, na hasira ikamwingia moyoni.

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Ili wanipe pole? Sitaki pole za watu. Nataka hesabu."

"Nikuchore wewe?"

Bi Dakika alifikiri kidogo. "Nichore. Ila usinichore nikilia. Mimi silii."

Jioni Rangi alimweleza baba yake yote. Baba aliweka brashi chini. "Kinyozi akiniagiza bango, kwanza nakaa kwake nimwone akinyoa. Wewe umeshakaa, umeona. Utakachochora ni juu yako, binti yangu. Ukiitwa ofisini, nitakuja kusimama nawe."

Ijumaa wanafunzi walijipanga. Mwalimu mkuu akavuta kitambaa. Hapakuwa na kitanda. Palikuwa na msichana aliyesimama wima, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, mkoba wa shule begani, macho yake njiani anakotokea mama. Usoni hapakuwa na tone la chozi. Chini, mahali pa maneno, palikuwa patupu.

"Hili ndilo nililokuagiza?"

Rangi alisogea karibu na bango. "Hapana, Mwalimu. Uliloniagiza nimelitafuta, sikuliona. Nimechora nililoliona. Na yale maneno hayamfai huyu."

Wakati huohuo Bi Dakika aliingia getini mbio, akihema. Watu walilitazama bango, wakamtazama yeye. Aliyeanza kucheka akameza kicheko chake.

"Huyu ni wewe?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Ni mimi, Mwalimu." Bi Dakika aliinua kidevu. "Mama anafanya kazi usiku. Siwezi kumwacha mtoto peke yake." Akalikagua bango vizuri. "Ila mashavu ya mdogo wangu Rangi kayapunja."

Uwanja mzima uliangua kicheko, mwalimu mkuu naye akashindwa kujizuia. Kisha akamsogelea Bi Dakika.

"Muhula mzima nimekupa ufagio," alisema, "na sikukuuliza kwa nini. Hapo nilikudhulumu. Kuanzia Jumatatu hesabu zitafundishwa baada ya mapumziko, na hakuna atakayerudishwa nyumbani kabla hajasikilizwa."

Akamgeukia Rangi. "Kuchora cha kuchekesha ni rahisi, na wengi tungekupigia makofi. Wewe umeingia nyumbani kwa mwenzako kabla ya kumchora, ukanionyesha kosa langu bila kunitukana. Wanangu, kipaji cha namna hiyo ndicho cha kujivunia. Kabla hujamhukumu mtu, fika kwanza anakoishi."

Rangi alionyesha pale patupu. "Sasa chini niandike nini, Mwalimu?"

"Usiandike kitu. Sisi wote tumeshasoma."