Mpira Usio na Doti

Kila asubuhi Kidoti aliamka kabla ya baba yake, akachemsha maji, akamkanda mguu. Ulikuwa mguu wenye vidole viwili tu. Vingine vilikwenda na mashine ya kukatia nyasi ya uwanja wa gofu, na baada ya hapo uwanja ukamtema baba mwenyewe. Meneja alimpa pole na jozi ya buti mpya, utadhani alikuwa na miguu ya kuzijaza.

Akishamaliza, binti huyo wa miaka kumi na saba alikwenda uwanja uleule kuokota mipira ya mazoezi. Jina la Kidoti alipewa na waokotaji wenzake, kwa sababu kila mpira aliochezea aliutia doti nyekundu kwa rangi ya kucha iliyobaki kwenye kichupa cha marehemu mama yake. Mwalimu wa gofu, mzee asiye na maneno mengi, alimwona akipiga mipira jioni, akamwandikisha kushindania nafasi ya mwanagenzi. Nafasi ilikuwa moja. Atakayeipata angefundishwa kazi huku akilipwa, na mwisho awe mwalimu. Walibaki wawili, yeye na mpwa wa meneja.

"Hiyo wameshagawana," baba alimwambia. "Wewe wanakuita ukasindikize."

Hata hivyo siku ya mashindano alijikongoja na mkongojo wake, akasimama nje ya uzio. Ndani hakuruhusiwa tena.

Masharti yalikuwa mepesi. Atakayemaliza mashimo yote kwa mipigo michache ndiye mwenye kazi. Na katika gofu hakuna refa wa kukufuata nyuma. Unajihesabia mwenyewe, na kosa lako unalisema mwenyewe.

Walipofika shimo la mwisho kasoro moja, Kidoti alikuwa mbele kwa mpigo mmoja. Mpira wake ukapotelea kwenye nyasi ndefu. Aliupekua, akauona mweupe umezama, akaupiga ukaruka vizuri hadi karibu na shimo. Kwa pigo jingine ukatumbukia. Aliinama kuutoa, akaugeuza, akaugeuza tena. Haukuwa na doti.

Alikuwa amepiga mpira wa mtu mwingine, uliopotea siku nyingi. Sheria aliijua: unaongezewa mipigo miwili, kisha unarudi kuutafuta wako na kuumalizia. Mpwa wa meneja alikuwa amempa mgongo, anachezea simu. Kidoti aliufumba mpira mkononi. Alitazama uzio, akamwona baba ameegemea nguzo, mguu mbovu ameuning'iniza kama kitu cha kuazima. Watu hawa wamemla baba yangu, alijisemea, nami niwaonee haya kwa mpira?

Mwisho akafumbua kiganja.

"Kaka, nimepiga mpira usio wangu," alisema. "Najiongezea mipigo miwili."

Kijana alimwangalia kama mtu aliyepungukiwa akili, kisha akacheka. "Haya dada, asante."

Wake aliukuta hatua chache mbele, umefunikwa na majani makavu, na doti yake. Aliumalizia. Shimo la mwisho walitoka sare. Alishindwa kwa mpigo mmoja.

Meneja alimpongeza mpwa wake, wakaingia ndani kunywa. Mwalimu wa gofu alibaki nje na Kidoti. Alimweleza kwamba nafasi haikuwa yake kuigawa, angeweza angempa. Alichokuwa nacho ni chumba cha nyuma cha kutengenezea fimbo zilizovunjika. Kuna gundi inayochoma macho, na mshahara ni mdogo. Lakini huko angemfundisha mwenyewe, ajaribu tena mwakani. Kidoti akakubali.

Njiani Kidoti alimsimulia baba habari ya ule mpira. Walipofika mlangoni ndipo baba akauliza:

"Nani alikuona?"

"Hakuna, baba."

Baba alikaa kizingitini, akavua buti taratibu. Kidoti alingoja kugombezwa.

"Ile mashine breki zake zilikuwa zimekufa," baba alisema. "Fundi alimwambia meneja. Meneja akaona kuisimamisha ni hasara, akanyamaza, na mimi nikapanda. Naye, ukiacha fundi, hakuna aliyemwona, mwanangu. Kunyamaza kwa namna hiyo ndiko kulikonila mguu. Wao watakaa kwenye viti vyao na hakuna atakayewauliza, hilo lizoee. Ila wewe, kosa lako liseme siku hiyohiyo, hata kama ni wewe peke yako unayelijua. Ukilificha, yupo atakayelipia, na hatakuwa wewe."

Kidoti aliteleka maji ya kumkandia mguu. Kisha alichukua kile kichupa, akakigonga kiganjani mpaka rangi iliyoganda chini ikashuka, akaanza kutia doti mipira ya mwakani.