Kikapu cha Mama Imakulata

Risasi ya pili ilipasua kioo. Gidamis hakupunguza mwendo.

Landrova yake iliruka shimo, ikatua, ikaendelea kulifukuza lori la Bedford kwenye mteremko wa Dongobesh. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka 1953, na jasusi huyu mzaliwa wa Basotu hakuwa amekunywa hata chai.

Alishika redio. "Kituo, hapa Swala. Namwona."

"Mzigo usifike kijiji cha Daudi," Arusha ilijibu. "Hata mche mmoja."

Lori lilikuwa na miche mia tatu ya mizabibu, mizizi yake imejaa wadudu wadogo kuliko punje ya ulezi. Varga, mlanguzi aliyeshika usukani kwa mkono mmoja na bastola kwa mwingine, alitaka wadudu hao wamalize mizabibu ya wilaya nzima. Kisha awauzie watu miche yake, iliyounganishwa juu ya shina ambalo wadudu hawaliwezi. Mshenzi wa mwisho!

Gidamis alichomoa bastola yake ya Webley. Risasi moja. Tairi la nyuma.

Bedford ikalala mtaroni.

"Toka. Mikono juu."

Varga alitoka akichechemea. Pingu zikalia. Gidamis akamwaga petroli, akachoma mzigo wote.

"Kituo, mzigo umeungua."

"Safi. Na miche ya ushahidi uliyoichukua ghalani kwake juzi?"

"Nayo niliichoma."

"Uliibeba kwenye nini?"

Gidamis alizima redio.

Kikapu. Alikiazima kwa Mama Imakulata, mjane wa kijijini Daudi aliyempa chumba akimdhani mchuuzi wa mbegu. Jana alikirudisha. Na kwa kuwa alilelewa asirudishe chombo cha mtu kitupu, alikijaza mbegu za ngwara, zile anazopanda mama huyo kati ya mistari ya mizabibu ili udongo usikauke.

Hakukiosha.

Aliwakabidhi askari wa Dongobesh mtu wao, akakanyaga mafuta mpaka Daudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Ngwara zako nimezipanda zote asubuhi hii. Kikapu nimekikung'uta mpaka vumbi."

Mizabibu arobaini. Marehemu mumewe, Tadei, aliipanda kwa vipande vya matawi, kila mmoja juu ya mizizi yake wenyewe, isiyo na kinga. Hapakuwa na dawa, Arusha wala Ulaya. Gidamis alitamani Varga angelenga vizuri zaidi.

"Mama, kikapu kilikuwa na wadudu wanaokula mizizi. Nimekuletea mimi. Mizabibu itakufa."

Mama aliyatazama majani. "Mbona ni mizima?"

"Miaka miwili. Labda mitatu."

Mama akachuma kishada cha zabibu, akamnyooshea. "Basi chukua za njiani."

"Hakuna kitu kinachoruhusiwa kutoka shamba hili."

"Hata cha mgeni?"

"Hata cha mgeni, mama."

Langoni alivua buti zake zenye udongo, akaziacha ndani. Akavaa miwani ya jua, akatembea pekupeku mpaka kwenye Landrova, bila haraka, bila kugeuka.

Nyuma yake Mama Imakulata alikuwa bado amenyoosha mkono.