Wimbo wa Saba

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tisa Juni, saa nane na robo mchana, Fundi akiwa amelala chini ya gari la mteja. Ndani ya gari hilo ilikuwa inalia albamu ya kwanza ya bendi ya Bundi Juu ya Bati, iliyorekodiwa mle mle gerejini mwake. Wimbo wa kwanza mpaka wa sita Fundi alitikisa mguu. Ulipoanza wa saba, spana ikamtoka mkononi.

Mwimbaji alikuwa anaimba mtungi wa oksijeni, dakika arobaini, stoo ya hospitali iliyofungwa, na bwana mkubwa aliyeondoka na ufunguo kwenda kufungua semina. Alikuwa anaimba kifo cha mke wa Fundi.

"Zima," akasema Fundi.

"Huu ndio mtamu kuliko zote," mteja akajibu.

"Zima, au breki utajifungia mwenyewe."

Na mwimbaji huyo alikuwa mpenzi wa Fundi.

Walikutana miezi tisa nyuma kwenye foleni ya ofisi ya umeme, watu wamebanana mpaka mlangoni, madirisha sita na karani mmoja. Ndivyo wakubwa wanavyotupenda, tukiwa tumesimama. Mbele ya Fundi alisimama mwanamke mweusi tii kwa mavazi: gauni la lesi mpaka vifundoni, buti nzito, kucha nyeusi, wanja umemwagika hadi mashavuni. Fundi, mgane wa mwaka wa pili, akamwonea huruma.

"Pole na msiba, dada."

"Msiba gani?"

"Si umevaa..."

"Hizi nguo za kazi, kaka. Naimba muziki wa panki." Akamtazama juu chini. "Na wewe nani kakumwagia oili?"

"Na mimi hizi za kazi."

Walicheka mpaka karani akawanyooshea kidole. Bendi ilikuwa imekatiwa umeme katikati ya kurekodi. Fundi alikuwa na jenereta. Wiki hiyo hiyo watu wanne waliovaa kama wametoka mazishini wakahamia gerejini kila alasiri, magitaa yakikwaruza kama breki zilizokwisha, nyimbo zenyewe za makaburi na popo. Mwimbaji Fundi alimwita Kunguru.

"Kunguru hafugiki, hujasikia?" alimtania.

"Sikufugi. Nakuachia mlango wazi."

Siku moja, wameketi juu ya matairi, Fundi alimweleza habari za mkewe, mara moja tu, zote. Dakika arobaini mgonjwa anatafuta pumzi, nesi anapiga simu isiyopokelewa. Baada ya mazishi aliwaandikia wakubwa wa hospitali barua tatu, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, na hakujibiwa. Wenye vyeo wakikosea, kosa hupewa kamati, na kamati hulitia kabatini. Mwisho akasema, "Laiti angetokea mtu akalipigia kelele jambo hili."

Alhamisi ile hakungoja. Alimpigia simu, mkono bado una grisi.

"Mpenzi, umeshaisikia?" Sauti ya Kunguru ilikuwa na furaha. "Nilitaka tusikilize pamoja Jumamosi."

"Umemtoa mke wangu kaburini ukampandisha jukwaani."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema kama mfiwa anavyosema. Mfiwa husema hata bora angekufa yeye. Ungenizika?"

Akakata. Siku kumi na moja Kunguru alipiga simu bila kupokelewa, mpaka Fundi mwenyewe akaona haya, maana mwenye tabia hiyo alikuwa anamjua, yule bwana wa ufunguo, na alikuwa anamlaani kila asubuhi.

Siku ya kumi na mbili Kunguru akaja, gauni lile lile, wanja hana.

"Nina neno moja, kisha naondoka. Nakala zilizobaki haziuzwi tena. Wenzangu hawasemi na mimi, miaka sita tumeingoja albamu hii. Nilijidanganya kwamba umenituma. Ukweli ni kwamba niliogopa kukuuliza, usije ukakataa."

Fundi alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Uweke huo wimbo," akasema. "Sijaufikisha mwisho."

Walikaa ndani ya gari bovu, vioo vimepandishwa. Wimbo ukapita pale alipouzima. Jina la marehemu hakulisikia popote. Magitaa yakanyamaza moja baada ya jingine, ikabaki sauti ya mwanamke anabisha hodi kwenye mlango wa stoo, hodi, hodi, mpaka koo likakauka. Fundi, ambaye mazishini hakutoa chozi, aliinamia usukani akalia. Kunguru hakumgusa, hadi yeye alipouvuta mkono wake.

"Uzeni," akasema. "Na kila ofisi yenye mkubwa ipate nakala yake."

"Na mimi je?"

"Wewe hamia. Nimechoka kula peke yangu kama mlinzi."

"Hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo ninayoiweza."

Kunguru alikuwa bado anacheka simu ya Fundi ilipoita. Alikuwa mama mkwe wake, mzazi wa marehemu. Akaiweka spika, juu ya dashibodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jirani kaniletea wimbo. Nimeusikiliza mara nne." Akakohoa kidogo. "Huyo binti kamlilia mwanangu kuliko sisi tuliomzaa. Na habari zile za dakika arobaini, huku kwetu tulizijua mimi na wewe tu. Mimi sikumwambia mtu. Basi niambie, wala sijasema nimekasirika: huyo ni nani kwako?"